Sewanee 1899: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Mechi 12 na Safari ya Siku Sita

Ukurasa huu ni wa wanaousikia msimu wa Sewanee wa 1899 ukitajwa tajwa na wanataka kujua kilichotokea hasa, kwa tarehe, matokeo na kanuni za wakati ule. Anayeijua futiboli ya Kimarekani kupitia televisheni aanze na swali la tatu, maana bila kanuni za zamani matokeo haya hayaeleweki. Anayejua raga tayari yuko nusu ya njia.

Sewanee ni timu gani, na inatoka wapi?

Ni timu ya University of the South, chuo kidogo cha kanisa la Episcopal kilichoko mji wa Sewanee, jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani. Mji uko juu ya uwanda wa Cumberland, takriban mita 600 kutoka usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo wenyeji hupaita "Mlimani" tu. Chuo kilianzishwa mwaka 1857 na kikafungua madarasa mwaka 1868, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wanafunzi wake mwaka 1899 walikuwa mia chache tu. Rangi zao ni zambarau na nyeupe, na jina la timu ni Tigers, yaani Chui Milia.

Walicheza na nani, na matokeo yalikuwaje?

Mechi 12, ushindi 12. Zile tano za 9 hadi 14 Novemba ndizo za safari ya siku sita:

21 Oktoba, Georgia, 12–0 (Atlanta)
23 Oktoba, Georgia Tech, 32–0 (Atlanta)
28 Oktoba, Tennessee, 46–0 (Sewanee)
3 Novemba, Southwestern Presbyterian, 54–0 (Sewanee)
9 Novemba, Texas, 12–0 (Austin)
10 Novemba, Texas A&M, 10–0 (Houston)
11 Novemba, Tulane, 23–0 (New Orleans)
13 Novemba, LSU (chuo kikuu cha jimbo la Louisiana), 34–0 (Baton Rouge)
14 Novemba, Ole Miss (chuo kikuu cha Mississippi), 12–0 (Memphis)
20 Novemba, Cumberland, 71–0 (Sewanee)
30 Novemba, Auburn, 11–10 (Montgomery)
2 Desemba, North Carolina, 5–0 (Atlanta)

Ukijumlisha unapata pointi 322 walizofunga na 10 walizofungwa. Hizo 10 zote zilitoka kwa timu moja, Auburn, alasiri moja. Ukikuta mahali jumla ni tofauti, pitia tarehe moja moja. Huenda kuna mechi iliyorukwa au matokeo ya msimu mwingine yaliyochanganywa humo.

Je, huu ndio mchezo tunaouona leo kwenye televisheni?

Ni mzazi wake, na sura wanafanana kwa mbali. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Uwanja ulikuwa na urefu wa yadi 110, si 100 kama sasa. Hakukuwa na eneo la mwisho lenye mipaka nyuma ya goli. Nguzo za goli zilisimama juu ya mstari wenyewe wa goli. Kila timu ilikuwa na wachezaji 11. Mechi ilikuwa vipindi viwili vya dakika 35, ingawa manahodha waliweza kukubaliana kuvifupisha giza likikaribia au treni ikingoja.

Timu yenye mpira ilipewa majaribio matatu kusonga yadi 5. Leo ni majaribio manne kwa yadi 10. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyoamua namna ya kucheza: ukihitaji yadi 5 tu, huna haja ya kuhatarisha mpira pembeni, unasukuma katikati mara tatu. Na kusukuma kulikuwa halali. Wenzake waliruhusiwa kumsukuma mwenye mpira kwa nyuma na kumvuta kwa mbele, wapinzani nao wakimrudisha upande wa pili. Aliyeanguka hakuwa amekwisha. Aliweza kutambaa mpaka ashikwe kabisa asiweze kusonga.

Pasi ya mbele haikuwapo. Iliruhusiwa mwaka 1906. Mpira ulipitishwa kando au nyuma, kama raga. Tena mchezaji wa kwanza kupokea mpira kutoka kwa mtu wa kati, yaani kwotabeki, hakuruhusiwa kuvuka nao mstari wa pambano, yaani mstari ambao timu mbili hujipanga kila upande wake kabla ya jaribio. Ilimlazimu ampe mwingine. Kwa hiyo ukisoma kwamba kwotabeki wa 1899 "aliongoza mashambulizi", elewa kwamba alichagua nani akimbie na kupitia wapi, kisha akageuka kuwa msukumaji kama wengine.

Mateke yalikuwa silaha kubwa. Timu iliyobanwa karibu na goli lake ilipiga mpira mbali hata kwenye jaribio la kwanza, bila aibu yoyote. Na kama ilivyo kwenye raga, aliyepiga na wale waliokuwa nyuma yake wakati wa kupiga waliweza kuukimbilia mpira huo na kuuchukua.

Kanuni ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote kwa msimu huu: mchezaji aliyetoka hakurudi. Hakukuwa na kikosi cha kushambulia, kikosi cha kulinda na mtaalamu wa mateke anayeingia na kutoka. Watu walewale 11 walifanya yote.

Pointi zilihesabiwaje?

Tachidauni, yaani kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, ilikuwa pointi 5. Teke la goli baada ya tachidauni, ambalo mtu wa raga ataliita konvashoni, lilikuwa pointi 1. Goli la teke lililopigwa katikati ya mchezo lilikuwa pointi 5 pia, sawa na tachidauni nzima. Kukamatwa na mpira nyuma ya goli lako mwenyewe kuliwapa wapinzani pointi 2. Goli la teke lilishuka hadi 4 mwaka 1904 na hadi 3 mwaka 1909. Tachidauni ilipanda hadi 6 mwaka 1912.

Teke la pointi 1 halikuwa la bure kama linavyoonekana leo. Mpira ulirudishwa uwanjani moja kwa moja kutoka pale ulipoishia nyuma ya mstari. Ukifunga pembeni, unapiga kutoka pembeni. Njia ya kujiokoa ilikuwa mchezaji mmoja apige teke fupi kutoka nyuma ya mstari kuelekea kwa mwenzake aliyesimama uwanjani mahali pazuri. Akiudaka sawasawa, goli linajaribiwa kutoka hapo, akiuangusha nafasi imekwenda. Kisha kuna mshikaji anayelala chini akiwa ameuinua mpira kidogo. Ukigusa ardhi tu, wapinzani wanaruhusiwa kuja mbio. Mshikaji akiuweka mapema, teke linazuiwa. Akichelewa, mpigaji amekwisha vunja mwendo wake.

Nikiwa na matokeo tu, naweza kujua tachidauni zilikuwa ngapi?

Mara nyingi unaweza kubana jibu. Gawanya matokeo kwa 6 upate idadi ya chini (kadiria kwenda juu), kisha gawanya kwa 5 upate idadi ya juu (kadiria kwenda chini). Mfano, 34 dhidi ya LSU: 34 kwa 6 ni tano na ushei, kwa hiyo angalau 6, 34 kwa 5 ni sita na ushei, kwa hiyo zisizidi 6. Jibu ni mabao 6 ya pointi tano na mateke 4 yaliyoingia (30 + 4). Kwa 12 ni mabao 2 na mateke yote 2. Kwa 10 ni mabao 2 na mateke yote yamekosa. Kwa 23 ni mabao 4, mateke 3.

Matokeo makubwa yana majibu zaidi ya moja: 46 inaweza kuwa mabao 8 na mateke 6, au mabao 9 na teke 1. Njia hii pia haitofautishi tachidauni na goli la teke, kwa kuwa zote zilikuwa 5, na inaharibika kabisa ikiwa kulikuwa na zile pointi 2. Itumie kukagua habari uliyosoma, usiitumie kutunga habari mpya.

Matokeo kama 71–0 yaliwezekanaje?

Sababu mbili. Kwanza, timu iliyofungwa ndiyo iliyopiga teke la kuanza upya, kwa hiyo aliyefunga aliupata mpira tena. Timu dhaifu ingeweza kukaa robo saa bila kuushika. Pili, vyuo vilitofautiana mno: kimoja kina kocha na mazoezi ya miezi, kingine kimekusanya vijana wiki mbili kabla. Cumberland hawa wa 71–0 ndio haohao waliofungwa 222–0 na Georgia Tech mwaka 1916.

Kwa nini walifunga safari ile ndefu? Walitaka sifa?

Walitaka pesa. Mpinzani wao wa miaka yote, aliyejaza uwanja na sanduku la fedha, alikuwa Vanderbilt wa Nashville. Vyuo viwili hivi vilikosana kuhusu mgawanyo wa mapato ya mlangoni, mechi yao ikafutwa, na bajeti ya msimu ikabaki na pengo. Meneja wa timu alikuwa Luke Lea, naye ni mwanafunzi. Kazi ya meneja wakati ule haikuwa kubeba chupa za maji: aliandikia vyuo vingine barua na simu za maandishi, alijadili kiasi cha malipo, alipanga treni na kulinda hesabu. Lea aliona kwamba mechi moja ya mbali haiwezi kulipa nauli ya kikosi kizima, bali mechi tano mfululizo kwenye njia moja ya reli zinaweza. Safari ikapangwa hivyo.

Ndiyo maana mechi mbili hazikuchezwa nyumbani kwa mwenyeji. Texas A&M walikutana nao Houston na Ole Miss wakakutana nao Memphis, miji yenye watu wa kununua tiketi.

Lea huyu baadaye aliingia Seneti ya Marekani (1911–1917), na Januari 1919 aliongoza kikundi cha askari wa Kimarekani kwenda Uholanzi kujaribu kumchukua mfalme wa Ujerumani aliyekuwa amekimbilia huko. Walirudi mikono mitupu. Ukijua hilo, ratiba ya mechi tano kwa siku sita haishangazi sana.

Siku sita zenyewe zilikwendaje?

Safari nzima, kwenda na kurudi, ilikuwa takriban maili 2,500, yaani kilomita 4,000, kwa treni yenye behewa la kulala. Umbali ulioandikwa hapa ni wa kukadiria:

Alhamisi 9: Texas, Austin. Kisha kilomita 265 hadi Houston.
Ijumaa 10: Texas A&M, Houston. Kisha kilomita 560 usiku kucha hadi New Orleans.
Jumamosi 11: Tulane, New Orleans.
Jumapili 12: hakuna mechi. Chuo cha kanisa hakichezi Jumapili. Kilomita 130 hadi Baton Rouge.
Jumatatu 13: LSU, Baton Rouge. Kisha kilomita 600 usiku hadi Memphis.
Jumanne 14: Ole Miss, Memphis.

Ukiitazama ratiba hii kwa jicho la anayepanga safari za timu, mahali pabaya si Austin, ni usiku wa tarehe 10 na wa tarehe 13. Mtu aliyegongwa dakika 70 akilala kwenye kitanda cha treni hanyooshi mguu, hapati maji ya moto, na misuli inaganda. Matokeo yanaonyesha jambo fulani: siku ya pili mfululizo walipata 10 tu; baada ya mapumziko ya Jumapili walipata 34. Sehemu ya tofauti hiyo ni ubora wa wapinzani, sawa, lakini Jumapili ile ilikuwa na kazi yake.

Jumla ya pointi za safari ni 91 kwa 0.

Ni kweli walisahau viatu?

Ndivyo inavyosimuliwa Sewanee kwenyewe: treni iliondoka na mzigo wa viatu vya kuchezea ukabaki stesheni. Waligundua wakiwa njiani, zikapelekwa simu za maandishi, na mzigo ukafuata kwa treni nyingine hadi ukawafikia kabla ya mechi ya kwanza. Kosa hili si dogo kama linavyosikika. Njumu za wakati ule zilikuwa vipande vya ngozi vilivyopigiliwa kwa misumari kwenye soli na fundi, kwenye kiatu kilichokwisha kuzoea mguu wa mwenyewe. Viatu 11 vya dharura vya kununua dukani vingekuwa na soli laini na vingetoa malengelenge siku ya kwanza. Malengelenge ya Alhamisi ni kidonda cha Jumamosi.

Na mapipa ya maji?

Walibeba maji ya chemchemi ya Mlimani ndani ya mapipa mawili makubwa. Wengine hulicheka jambo hili kama ushirikina. Halikuwa hivyo. Maji ya miji ya wakati ule hayakuaminika, na timu yenye watu wachache ikipatwa na kuhara siku moja imekwisha: huwezi kuingiza akiba watano, kwa sababu huna.

Kikosi kilikuwa na watu wangapi?

Hesabu hutofautiana kwa sababu watu huhesabu vitu viwili tofauti. Waliosafiri na waliosajiliwa ni karibu 20. Waliocheza karibu dakika zote ni dazeni hivi, na simulizi nyingi husema 13. Ukiandika, taja unahesabu kipi.

Kocha alikuwa Herman Suter, aliyetoka Princeton, akaleta mtindo wa vyuo vikubwa vya mashariki. Nahodha alikuwa Henry Seibels, beki wa pembeni kutoka Montgomery, Alabama, ambaye baadaye aliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa futiboli ya vyuo. Kwotabeki alikuwa William "Warbler" Wilson. Ormond Simkins alicheza beki wa nyuma, ndiye mkimbiaji wa katikati na mpigaji wa mateke ya mbali. Bartlet Sims alijulikana kwa mateke ya goli. William Claiborne, gadi (mchezaji wa mstari wa mbele, kando ya mtu wa kati), alikuja kuwa padri.

Mtu mmoja husahaulika: Cal Burrows, Mmarekani mweusi aliyekuwa mkandaji wa timu. Kwenye safari ambayo kikwazo chake ni misuli iliyoganda, kazi ya kukanda mapaja na vifundo ndani ya behewa ilikuwa na uzito sawa na ya kocha. Hakuwa na ruhusa ya kusoma kwenye chuo alichokihudumia. Chuo hicho, kama vyote walivyocheza navyo msimu ule, kilikuwa cha wazungu peke yao.

Miili ilivumiliaje? Walivaa nini?

Suruali nene zilizoshonewa pamba mapajani na magotini, fulana ya sufu, na juu yake kizibao cha turubai kilichofungwa kwa kamba kifuani ili kisishikike vizuri. Wengine walivaa kinga ya pua ya mpira mgumu iliyoshikwa kwa meno, na kinga za ugoko. Kofia ngumu haikuwa lazima. Vyuo viliilazimisha mwaka 1939. Nywele ziliachwa ndefu makusudi, ziwe mto wa kichwa.

Inasimuliwa kwamba Seibels alipasuka kichwa Austin, akafungwa na kuendelea. Kabla ya kulisifu, kumbuka kanuni: akitoka harudi, na nyuma yake hakuna mtu wa kutosha. Huo haukuwa ushujaa mtupu, ilikuwa pia hesabu mbaya ambayo mchezo wenyewe uliwalazimisha kuifanya. Vifo vya viwanjani viliongezeka hadi mwaka 1905 ukawa mgogoro wa taifa, Rais Theodore Roosevelt akaingilia, na kanuni za 1906 zikafuata.

Kitu kingine kiliwasaidia, nacho hutajwa mara chache. Likizo ndefu ya Sewanee ilikuwa ya majira ya baridi, kwa kuwa Mlimani baridi ni kali. Vyuo vingine vilipofunga majira ya joto, vijana wa Sewanee walikuwa chuoni. Wenzao wakirejea Septemba kuanza kutafuta pumzi, hawa wameshazoeana.

Walikuwa wanafunzi wa kweli?

Ndiyo, ila si wote walikuwa vijana wa mwaka wa kwanza. Chuo kilikuwa na masomo ya sheria, tiba na theolojia, na wanafunzi wa idara hizo waliruhusiwa kucheza. Mwanafunzi wa theolojia mwenye umri wa miaka ishirini na kitu ana mabega tofauti na mvulana wa miaka 17. Wapinzani nao walifanya vivyo hivyo, kwa hiyo usiihesabu kama hila.

Mechi ipi ilikuwa ngumu kuliko zote?

Auburn, na sisi tunaiweka juu ya safari nzima. Safari ndiyo inayosifiwa kwa sababu ni rahisi kuieleza kwa sentensi moja. Lakini timu pekee iliyopata dawa ya Sewanee ilikuwa Auburn ya kocha John Heisman, huko Montgomery, siku ya Shukrani (sikukuu ya Wamarekani), 30 Novemba.

Heisman aliwafundisha vijana wake kuharakisha: jaribio likiisha, wanajipanga na kuucheza mpira kabla ya wapinzani hawajainuka chini. Dhidi ya timu iliyozoea kuegemea, kusukuma na kupumua, hiyo ni sumu. Auburn walipata pointi 10. Kwa kanuni ya hesabu tuliyoitoa juu, 10 ni mabao mawili bila teke lolote, na 11 ni mabao mawili na teke moja. Msimu mzima, na simulizi yake yote ya miaka zaidi ya mia, umesimama juu ya teke moja la pointi 1. Heisman hakukubali, alilalamikia uamuzi hadharani kupitia gazeti.

Na North Carolina?

Siku mbili baadaye, Atlanta, 5–0. Timu iliyochoka, bao moja, ikatosha.

Je, walikuwa mabingwa wa Marekani?

Walikuwa mabingwa wa kusini, ndani ya shirikisho la michezo la vyuo vya kusini lililoundwa mwaka 1894. Ubingwa wa taifa haukuwapo rasmi. Orodha zilizotungwa miaka mingi baadaye kwa kawaida humpa Harvard mwaka huo, aliyeshinda 10 na kutoka sare 1. Sewanee hawakukutana na timu yoyote ya kaskazini mashariki, kwa hiyo anayesema wangewafunga Harvard na anayesema wasingeweza wote wanabahatisha.

Tunataka kuchora uwanja wa 1899 kwa maonyesho ya shule. Vipimo?

Urefu mita 100.6, upana mita 48.8. Anza na mstari mmoja wa pembeni: kaza kamba kati ya vigingi viwili. Kwenye kona, pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Kamba ya mita 5 ikifunga pembetatu barabara, kona imenyooka. Ukimaliza kona nne, pima kutoka kona hadi kona ya mshazari: zote mbili zitoke takriban mita 111.8. Zikitofautiana zaidi ya shubiri, rudi ukarekebishe kabla ya kumwaga chokaa, maana kosa la kona huonekana kwenye kila mstari.

Mistari ya kukata uwanja ni kila mita 4.57. Ukihesabu na ile miwili ya magoli ni 23. Usipime kila mstari kutoka ule uliotangulia. Makosa madogo yatajikusanya, na wa mwisho utakuwa nje kwa nusu mita. Laza futi kamba ndefu kutoka goli na usome kila alama kutoka sifuri ileile. Mistari yote pamoja na ya pembeni ni kama mita 1,320, kwa hiyo jaribu kwanza mita 10 uone unatumia chokaa kiasi gani, kisha zidisha kwa 132. Tumia chokaa ya kuchorea viwanja, si ile ya kuchoma inayounguza ngozi ikilowa jasho.

Nguzo za goli: mita 5.64 kati yake, mwamba wa juu mita 3.05 kutoka ardhini, zisimame juu ya mstari wa goli. Zifungie magodoro, wachezaji wa zamani walizigonga, na hilo halina haja ya kuigizwa. Mpira wa raga unakaribia ule wa zamani kuliko mpira wa kisasa wa futiboli wenye ncha kali. Onyesheni mateke, kupanga mstari na teke la pointi 1 pamoja na mshikaji wake. Kusukumana kwa kundi kuachwe. Ndiko kulikovunja shingo za watu.

Natafuta habari hizi kwenye magazeti ya zamani na sipati. Kwa nini?

Majina yamebadilika. Auburn wakati huo ilikuwa inaitwa Alabama Polytechnic, ingawa magazeti mengi yaliandika Auburn. Georgia Tech iliandikwa "Technological" au "Techs". Southwestern Presbyterian ilikuwa Clarksville, Tennessee. Leo ni Rhodes College, Memphis. Tafuta kwa "Sewanee" kuliko jina refu la chuo, na usome toleo la siku inayofuata mechi, si la siku yenyewe. Mashine zilizosoma kurasa hizo hukosea herufi, basi jaribu pia "Sewance" na "Suwanee".

Majina ya wachezaji nayo yameandikwa kwa sikio. Ukikuta Seibels ameandikwa kwa namna tatu ndani ya wiki moja, ni mtu mmoja.

Timu hii iko wapi sasa?

Bado ipo, Mlimani palepale, kwenye uwanja ambao chuo kimechezea tangu 1891. Kati ya hapo ilipita mabondeni. Mwaka 1932 Sewanee ilikuwa mmoja wa waanzilishi wa shirikisho la SEC, lile ambalo leo lina Alabama, Georgia na LSU. Vyuo vya majimbo vilikuwa vikikua na kulipia wachezaji masomo. Sewanee ilibaki ndogo. Ilicheza mechi 37 za shirikisho na kupoteza zote 37, ikajitoa mwaka 1940. Sasa inacheza daraja la tatu la vyuo, ambako hakuna ufadhili wa michezo, na kila msimu hukutana na Rhodes, walewale wa 54–0.